Bi Fundi Hafuti

Ukimpelekea Bi Fundi kompyuta iliyokufa, swali lake la kwanza halikuwa "Imefanya nini?" Lilikuwa, "Nani kakwambia imekufa?" Aliuliza huku akikutazama juu ya miwani, kana kwamba umeleta uvumi wa msiba kwenye nyumba ya watu walio wazima na afya zao.

Mimi nilimjibu, "Wamesema dukani, Sandton."

"Wamesema nini tena?"

"Ipigwe window upya. Kila kitu kifutwe."

"Nawe ukasemaje?"

"Nimekuja hapa."

"Basi kaa."

Hapo ni Yeoville, mtaa wa wageni huku kusini kabisa mwa Afrika, ndani ya saluni ya Mama Neema, mwanamke wa Bukavu aliyesuka nywele upande wa dirishani na kumwachia Bi Fundi pembe ya nyuma, karibu na beseni la kuoshea vichwa. Bi Fundi alikuwa Mzanzibari, mfupi, mwenye mtandio uliobanwa kwa pini mbili na vidole vyembamba vilivyoshika bisibisi kama wengine wanavyoshika sindano. Wakati ule alikwishavuka hamsini. Kwa miaka tisa iliyofuata nilipita pale karibu kila wiki, mara nyingine nikiwa na kazi, mara nyingi sina.

Kazi yangu ni kuandika. Watanzania wenzangu, Wakongo, Warundi, huniletea habari zao kwa mdomo nami huziandika kwa Kiingereza: barua za rufaa, maombi ya vibali, malalamiko kwa wenye nyumba. Asubuhi ya siku ile kompyuta yangu ilikuwa katikati ya kujisasisha umeme ukakatika, na betri yake ilikuwa haishiki chaji tangu zamani. Umeme uliporudi, kioo kilikuwa buluu na maandishi meupe yaliyosema mashine imeshindwa kuanza. Nikaizima, nikaiwasha. Buluu. Ndani yake mlikuwa na rufaa ya mama mmoja wa Uvira, iliyotakiwa kufika ofisini Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Mama yule alinisimulia mambo yake mara moja tu, siku nzima, kisha akafunga mdomo na kusema, "Nimesema. Sitasema tena." Kwa hiyo wale wa dukani waliponiambia "futa, utaandika upya," sikujua nitaandika upya kutoka wapi.

Bi Fundi alifungua kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na flashi sita au saba, kila moja imepakwa doa la rangi ya kucha kutoka kwa Mama Neema: nyekundu, zambarau, ya dhahabu. Kila rangi ilikuwa toleo lake la mfumo wa kuendeshea kompyuta. Alichagua zambarau, akaichomeka, akawasha mashine huku akibofya kitufe kimoja mfululizo mpaka ikakubali kuanzia kwenye flashi badala ya tumbo lake lenyewe. Kikatokea kitufe kikubwa katikati ya kioo, cha kusakinisha upya. Alinionyesha pembeni chini, maandishi madogo ambayo mtu mwenye haraka hayaoni: rekebisha kompyuta yako.

"Unaona? Cha kufuta wamekiweka katikati, kikubwa. Cha kutengeneza wamekificha pembeni. Wengi wanaishia katikati."

Akaingia pembeni. Kikafunguka kidirisha cheusi cha kuandika amri. Kabla ya amri yoyote ya kutengeneza, alifungua humo programu ndogo ya kuandikia, akabonyeza pale pa kufungua faili, na majalada yangu yote yakajitokeza mbele yangu kwa majina yake. Nilishika meza. Akayanakili moja moja kwenye diski yake.

"Kwanza watoe watu ndani ya nyumba," alisema, "ndipo uzime moto."

Kisha akaanza kutafuta herufi ya diski. Humo ndani, alinieleza, herufi hubadilika. Uliyemzoea kwa jina la C leo anaweza kuitwa D, na ukiamuru bila kuuliza unaharibu nyumba ya jirani. Alipompata, akaandika amri ya kukagua diski, kisha ya kukagua mafaili ya mfumo na kuyabadilisha yaliyooza kwa mazima kutoka kwenye flashi, kisha ya kuandika upya pale mashine inapoanzia. Akaiwasha. Buluu.

Nikasema, "Bi Fundi, labda wale wa dukani..."

Hakunijibu. Aliijibu kompyuta. "Kataa tu," aliiambia. "Mimi sina pa kwenda."

Akarudia, safari hii akifuta sehemu ya sasisho lililokatikia njiani, nikaogopa neno "kufuta" kutoka kwake, akaniona nimeogopa. "Nafuta uchafu, mwanangu. Sifuti nyumba." Mara ya tatu mashine ilikaa kimya muda mrefu, kisha ikaja picha ya marehemu mama yangu na mwavuli wake, kama alivyokaa siku zote kwenye kioo changu. Machozi yakanitoka.

"Usilie juu ya kibodi," alisema Bi Fundi.

Jumatatu rufaa ilifika. Mama wa Uvira hakuambiwa jambo lolote.

Nilikuja kujua kwamba ukali ule hakuuvaa kwa ajili yangu tu. Kulikuwa na mafundi wengine barabarani pale, vijana wepesi, wenye meza nje na maneno matamu. Kompyuta ikiwafikia asubuhi, adhuhuri imekwisha pigwa window, mpya, tupu, inang'aa. Bi Fundi aliwasalimia vizuri, akawaazima nyaya, lakini kazi yao aliikataa kwa jina. "Mimi sipigi," alisema. "Kimefanya nini hata kipigwe?" Na mteja akimharakisha, swali lake lilikuwa moja tu, "Haraka ya nani? Yako au ya mashine?"

Siku moja alikuja mhadhiri kutoka Braamfontein, Mkenya, amevaa suti. Akaweka kompyuta yake mezani nusu, nusu ameishikilia.

"Samahani, mama. Una cheti cha kazi hii?"

Sauti ya mashine ya kukaushia nywele ilizimika. Mama Neema alitaka kusikia.

"Ninacho," akasema Bi Fundi.

"Naweza kukiona?"

"Kimo humo ndani ya mashine yako. Ikiwaka utakiona. Isipowaka, sina."

Ilichukua siku mbili. Mhadhiri aliporudi na kukuta utafiti wake wote mahali pake, hakuuliza tena habari za cheti, ila alileta wenzake, na nusu ya idara yake ikawa inakuja kukaa kwenye viti vya saluni katikati ya wanawake wenye rasta nusu kichwa.

Hata hivyo nisiseme alikuwa malaika. Alihubiri subira, na mwenyewe hakuwahi kungoja robot, yaani taa za barabarani, ziwe kijani. Alivuka barabara taa ikiwa nyekundu, mkono ameuinua kama trafiki, teksi zikimpigia honi na yeye akizijibu kwa Kiswahili maneno nisiyoweza kuyaandika. Aliwakataza wateja kuja na maji karibu na meza yake, na chai yake ya tangawizi ilikaa juu ya kompyuta iliyofunguliwa, wazi, ikifuka mvuke. Aliokoa picha na barua za watu kutwa nzima, na yeye simu yake ilikuwa ya vitufe isiyoweza kushika hata picha moja. Nikimwambia anunue nyingine alisema, "Ya nini? Wanaonitaka wanajua nilipo."

Na Mama Neema waligombana kila siku ya Mungu juu ya umeme. Mashine ya kukaushia nywele ikiwashwa, taa ya meza ya Bi Fundi ilififia.

"Mama Neema! Unaniulia diski!"

"Na mimi nina kichwa ya mutu hapa! Aende na maji?"

Walinuniana mpaka saa saba, wakakaa kula sahani moja, mmoja ugali na sombe, kisamvu cha kwao, mwingine akilalamika sombe haina nazi. Ijumaa Bi Fundi akienda msikitini, Mama Neema ndiye aliyelinda meza, na hakuna mteja aliyethubutu kugusa hata kebo.

Kitu ambacho hakukificha ni kushindwa. Mzee mmoja Mrundi, mlinzi wa geti huko Observatory, alileta kompyuta iliyoangushwa. Alitaka sauti za mkewe. Mkewe alikuwa na mazoea ya kujirekodi akiimba nyimbo za kanisani, na alikuwa amefariki mwaka uliopita. Bi Fundi alijaribu kila rangi ya kucha kwenye kopo. Diski ilikuwa inakwaruza, tik, tik, tik, na kila mkwaruzo aliusikia yeye usoni. Akaipeleka kwa mtu anayemjua mjini mwenye vifaa vya kufungua diski. Naye akashindwa. Nikamshauri ampigie mzee simu amwambie.

"Simu?" alisema. "Mtu amenipa mke wake, nimrudishie kwa simu?"

Tulikwenda kwa miguu, kilima kizima cha Observatory, yeye amebeba kompyuta ndani ya kanga. Mzee alitupokea getini kazini kwake, amevaa sare. Bi Fundi hakuzunguka.

"Baba, nimeshindwa. Sauti hazimo tena. Si kosa lako, ilipoanguka ndipo zilipokwenda."

Mzee aliitazama kompyuta ndani ya kanga. Kisha akasema taratibu, "Zilikuwa nne."

"Unazijua?"

"Ninazijua."

"Basi niimbie."

Nilidhani amekosa adabu. Mzee alitazama huku na huku, geti limefungwa, barabara haina mtu, akaimba. Sauti yake ilikuwa mbaya kweli. Aliimba ule wa kwanza, na wa pili, na Bi Fundi, Mwislamu wa Unguja asiyejua neno la Kirundi, alisimama na kompyuta mfu mikononi mpaka nyimbo zote nne zikaisha. Kesho yake alikuwa mkali kupita kawaida.

Sasa nieleze siku ya wale wanaume walioingia saluni, kwa sababu watu hunihadithia mimi mwenyewe habari yake kwa namna isiyo kweli, wanasema Bi Fundi aliwafukuza kwa fimbo. Hakuwa na fimbo.

Ilikuwa miezi ile ambayo vikundi vilipita mitaani vikiwaambia wageni wafunge maduka waende kwao. Kwanza tulisikia habari zao mitaa mingine. Siku hiyo, kabla ya adhuhuri, spaza ya pembeni, kiduka cha vyakula, ikashusha mlango, kisha muuza simu, kisha fundi viatu, vyuma vikilia kimoja baada ya kingine vikitukaribia.

Mama Neema aliingia mbio kutoka nje. "Bi Fundi, funga! Batu banakuja!"

"Siwezi kufunga," alisema Bi Fundi. "Nakagua diski."

"Diski? Diski?"

"Ni ya mwalimu wa chekechea wa hapo chini. Ripoti za watoto zimo. Umeme wangu ukikatwa sasa, hazitoki."

Betri ya mashine ile ilikuwa nje, mezani, imevimba. Mashine ilitegemea umeme wa ukutani. Mama Neema alimtazama, akanitazama mimi, akawasukuma wateja wake wawili kwenye chumba cha nyuma, nami nikaenda nao. Hilo naliandika kama lilivyo. Nilikwenda nao. Tulifunga mlango, nikabaki na ufa mwembamba wa kuchungulia, na niliyoyaona niliyaona kwa jicho moja.

Waliingia kama wanane. Wengine walikuwa vijana, na mmoja mtu mzima aliyezungumza kwa niaba yao. Alisema kwa Kiingereza duka lifungwe. Bi Fundi hakuinuka.

"Ngiyasebenza," alisema. Niko kazini.

Yule mtu mzima akashtuka kidogo kusikia Kizulu. Akamwambia atoe karatasi zake.

"Wewe ni nani hata nikupe karatasi? Polisi akija nitampa. Wewe una kazi yako?" Alisema haya kwa mchanganyiko wa Kizulu na Kiingereza, pole pole, kama anavyoeleza mteja. Kisha akaugeuza mkono kuelekea kwenye kioo. "Iko sabini na moja. Ikifika mia nitainuka, tuzungumze mimi na wewe."

Kijana mmoja aliinama kabisa kutazama kioo. Sijui alitarajia kuona nini. Mwingine akacheka, "Eish, gogo, uyahlanya," yaani bibi, una wazimu, na kicheko chake kikawasogeza wawili watatu nyuma kidogo. Yule mtu mzima hakucheka. Alisimama akiwa amedharauliwa mbele ya watu wake. Akakishika kwa mkono mmoja kioo kikubwa cha kompyuta kilichokuwa mezani, kile Bi Fundi alichokitumia kwa kazi zake, akakisukuma chini. Kikavunjika. Kipande kikamrukia Bi Fundi kwenye kiganja.

Hakupiga kelele. Kitu alichokifanya ni kunyoosha mkono wenye damu na kuufunika mgongo wa plagi ukutani, akakaa hivyo, akimtazama.

"Kesho tukikukuta..." alisema yule mtu.

"Nafungua saa mbili," alisema Bi Fundi.

Wakaondoka. Wakaenda kwenye mlango mwingine, ambako hawakucheka, na mwenye duka yule hakurudi tena Yeoville. Silisahau hilo kila ninaposikia watu wakiisifu siku ile.

Tulipotoka chumba cha nyuma alikuwa bado ameshika plagi. Kwenye kioo cha mashine ya mwalimu ilikuwa themanini na nane. Mama Neema alipiga magoti akaanza kumfunga kiganja kwa taulo la nywele, analia na kumtukana kwa pamoja. Mimi nikasema, "Nisamehe."

"Wewe ungefanya nini?" aliniambia, si kwa ukali. "Ungeandika barua?" Kisha akasema, "Mikono inanitetemeka. Shika hii plagi."

Nikaishika mpaka mia.

Asubuhi yake, saa mbili kasoro, nilikuwa pale kabla yake. Mama Neema naye. Tulidhani hatakuja. Alikuja akivuka barabara taa nyekundu, kiganja kimefungwa bandeji, na mfuko wa mkate. Kile kioo kilichovunjika alikiegesha dirishani kikitazama barabara, na juu yake akabandika karatasi yenye neno moja kwa Kizulu, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili: Kumefunguliwa. Hawakurudi. Sijui kwa nini. Bi Fundi hakudai kwamba ni kwa sababu yake.

Baada ya miaka mwenye jengo aliliuza, saluni ikahamia Berea, na Bi Fundi akaanza kufanyia kazi chumbani kwake Observatory. Nami nikahama upande mwingine wa mji. Tukaachana kama watu wa mji huu wanavyoachana, bila ugomvi na bila kwaheri.

Mara ya mwisho nilimwona mwaka huu, ofisi ya vibali. Nilikuwa nimemsindikiza mteja. Foleni ilianzia nje ukutani, na ilipofika saa nne askari wa mlangoni alitoka akatangaza kwamba sistimu imeanguka, watu waende nyumbani, warudi kesho. Hapo hakuna anayebisha. Watu walianza kukunja mablanketi na kukusanya watoto. Nami nilikuwa nimekwisha mshika mteja wangu mkono.

Mwanamke mmoja hakuinuka. Alikuwa kwenye benchi la mbele kabisa, na mkongojo, mtandio umebanwa kwa pini mbili.

"Mama, sistimu iko chini," askari alimwambia.

"Nimesikia. Nangoja."

"Haitarudi leo."

"Nimekuja mara nne. Haijapata kurudi hata siku moja. Sasa nangoja mtu."

Nikaenda nikapiga magoti mbele yake. "Shikamoo, Bi Fundi." Aliniangalia muda, macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alinijua kwa sauti. "Marahaba. Kaa," alisema, na kunisogezea nafasi. Nikakaa. Mteja wangu akakaa. Mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa mlangoni na mtoto mgongoni akatutazama, akarudi, akakaa. Wengine wakarudi. Tulifika kama ishirini. Askari aliingia ndani, akatoka, akaingia tena.

Mwishowe alikuja dirishani karani kijana, amechoka, tai imelegea. "Mama, nikusaidieje? Mashine haifanyi kazi."

"Mashine naijua," alisema Bi Fundi. Alikuwa amesimama sasa, mkono mmoja kwenye mkongojo. "Kabla hamjaletewa mashine, mlikuwa mnafanya nini hapa? Mlikuwa hamna kalamu?"

Karani alitazama nyuma yake. Kisha akaondoka, na tulipodhani amekwenda zake, akarudi na daftari kubwa lenye vumbi, muhuri na wino. Akaandika barua kwa mkono: mwenye barua hii amefika, maombi yake yanashughulikiwa, asisumbuliwe. Akagonga muhuri. Akampitishia chini ya kioo na kuita, "Anayefuata."

Bi Fundi hakutoka dirishani. Aliisogeza karatasi karibu na pua, akaisoma mstari kwa mstari, sisi ishirini nyuma yake tukingoja. Kisha akairudisha chini ya kioo.

"Umekosea jina."

"Herufi moja tu, mama. Wataelewa."

"Mimi si herufi moja. Andika tena."

Karani alishusha pumzi, akachukua karatasi mpya. Na Bi Fundi akaanza kumtajia jina lake, herufi moja moja, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, la kwake, la baba yake, la babu yake. Kwa miaka yote ile sikuwahi kulisikia. Alipofika mwisho akamwambia karani amsomee alichoandika, na karani akamsomea, na lilikuwa sawa.